Meno Yahesabiwa, Ulimi Wasahauliwa: Tahakiki ya Mwanasesere wa Nien Nunb

Safu hii imezoea kuhakiki riwaya, tamthiliya na diwani. Safari hii tumechagua kazi isiyo na kurasa hata moja. Ni mwanasesere wa plastiki, urefu wake haufiki sentimita kumi, aliyetengenezwa mwaka 1983 na kampuni ya Kenner ya Cincinnati, Marekani. Jina lake ni Nien Nunb, mhusika wa filamu ya bunilizi ya kisayansi iitwayo Return of the Jedi, ya tatu kutolewa katika mfululizo wa Star Wars. Wapo watakaouliza kwa nini Idara ya Kiswahili ijishughulishe na midoli ya watoto wa Marekani. Tunawaomba wavute subira kidogo. Mhusika huyu, anapofungua kinywa ndani ya filamu, husema lugha ya Afrika Mashariki.

Wanafunzi wetu wamefundishwa kwamba kazi ya sanaa huhakikiwa kwa fani na maudhui. Tutatumia nyenzo hizo hizo. Tunataka kuonyesha kwamba mwanasesere huyu ni mzuri kwa fani, kwamba vipimo vya wakusanyaji vinaeleza sehemu tu ya uzuri huo, na kwamba liko jambo moja kubwa ambalo hakuna kipimo chao kinacholigusa.

Usuli

Filamu ya kwanza ya Star Wars ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 25 Mei 1977. Kenner ilikuwa na leseni ya kutengeneza midoli yake, lakini Krismasi ya mwaka huo ilifika kabla midoli haijawa tayari. Kampuni ikauza bahasha yenye cheti. Mnunuzi alipeleka cheti kwa posta, na mwaka uliofuata akaletewa wanasesere wanne: Luke Skywalker, Binti Mfalme Leia, Chewbacca na R2-D2. Kwa maneno mengine, watu walinunua ahadi, na ahadi ikatimizwa. Mwaka 1978 wanasesere kumi na wawili wa kwanza waliingia madukani.

Uamuzi uliotawala fani ya wanasesere hao ni wa ukubwa. Kabla yao, mwanasesere mashuhuri wa wavulana wa Marekani alikuwa G.I. Joe wa mwaka 1964, mwenye urefu wa inchi 12, yaani kama sentimita 30. Kenner ilichagua inchi 3 na robo tatu, yaani sentimita 9.5 hivi. Sababu yake ni ya kimantiki: hadithi hii imejaa vyombo vya angani, na mwanasesere wa sentimita 30 angehitaji chombo kisichoweza kuingia sebuleni. Udogo huo ukazaa mambo mengine. Viungo vikawa vitano tu: shingo, mabega mawili na nyonga mbili. Hakuna kiwiko wala goti.

Nien Nunb alizaliwa katika utaratibu huo. Filamu yake ilianza kuonyeshwa tarehe 25 Mei 1983. Ndani yake anaketi katika chombo kiitwacho Millennium Falcon, kando ya rubani Lando Calrissian aliyeigizwa na Billy Dee Williams, wakati wa shambulio la mwisho. Mwanasesere wake alitolewa kwanza kwa njia ya posta mwaka huo huo, kwa wale waliokusanya vipande vya karatasi vinavyothibitisha kwamba wamenunua wanasesere wengine. Baadaye akauzwa madukani kama wenzake.

Vigezo vya wakusanyaji

Wakusanyaji wa vitu hivi ni wahakiki pia, na tusiwadharau. Wana istilahi zao na wana nidhamu. Swali lao la kwanza ni kama mwanasesere bado yumo katika kifungashio chake, yaani kadi ya karatasi ngumu iliyobandikwa kifuniko cha plastiki angavu. Ikiwa yumo, watatazama pembe za kadi kama zimepinda, na kifuniko kama kimepasuka au kugeuka manjano. Watageuza kadi na kuhesabu wanasesere walioonyeshwa nyuma, kwa kuwa zipo kadi zenye wanasesere 65 na zipo za 77, na hesabu hiyo hueleza kadi ilichapwa lini. Zipo hata kampuni zinazolipwa ili zimtazame mwanasesere, zimpe alama kati ya mia moja na kumfungia ndani ya sanduku la plastiki ngumu.

Ikiwa ametolewa kwenye kifungashio, maswali huwa mengine. Je, rangi imechubuka puani na kwenye vidole? Miguu inakaza au inaning'inia? Je, bastola yake ni ile ya asili? Swali hili la mwisho ni zito, maana silaha hizi ndogo hupotea upesi na waigizaji wa bidhaa wamezitengeneza kwa wingi. Baadhi ya wakusanyaji huitia bastola majini: nyingi za asili huelea, na nyingi za bandia huzama. Hata wao hukiri kwamba kipimo hicho ni cha kusaidia tu, wala si hukumu.

Umakini wao hufika mbali. Mwanasesere wa kwanza wa Lando Calrissian, wa mwaka 1980, yupo wa aina mbili: mmoja amepakwa rangi nyeupe ya meno, mwingine hakupakwa. Wakusanyaji huwatofautisha, huwaandika mbalimbali katika orodha zao na kuwatafuta wote wawili. Vivyo hivyo kwa kiumbe mdogo aitwaye Jawa, ambaye wa mwanzo alivishwa joho la plastiki, kisha Kenner ikalibadilisha kwa joho la kitambaa. Leo lile la plastiki, lililoachwa kwa kuwa lilionekana duni, ndilo ghali zaidi.

Hapa ndipo mhakiki wa fasihi anapopaswa kuinua mkono. Bei inapima uadimu, na uadimu si ubora. Mfano ulio wazi ni Boba Fett. Mwaka 1979 Kenner ilikusudia kumtoa akiwa na roketi inayofyatuka mgongoni. Hofu ya watoto kukabwa na vipande vidogo, baada ya mkasa uliotokana na mdoli wa kampuni nyingine, ikaifanya iigandishe roketi hiyo. Mifano michache ya majaribio yenye roketi inayofyatuka ilibaki. Mwaka 2024 mmoja wa mifano hiyo uliuzwa mnadani kwa dola za Marekani 525,000. Kama mdoli wa mtoto, huyo ni mbaya kuliko wote, kwa kuwa alihesabiwa kuwa wa hatari. Kama bidhaa ya mnada, yuko kileleni. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika minada hii methali hiyo inahitaji maelezo marefu.

Fani

Sasa tumgeukie Nien Nunb mwenyewe. Tuliyemchunguza ametolewa kwenye kifungashio zamani na bastola yake haipo. Tunaona hilo ni jambo la heri kwa mhakiki, maana kilichobaki ni kazi yenyewe, bila pambo la sanduku. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ni vyema kuanza na mti.

Uchongaji wa kichwa ndio fahari yake. Katika filamu, Nien Nunb ni kinyago cha mpira chenye macho makubwa meusi, masikio mapana na mashavu yaliyolegea na kuning'inia hadi kidevuni. Kumpunguza hadi kichwa kisichozidi ukubwa wa punje ya njugu mawe ni kazi ngumu. Mchongaji ameifanya kwa kuchagua. Hakujaribu kuchonga kila kunyanzi. Ameyakazia mashavu na macho, akayaacha mengine yajieleze. Matokeo yake, hata ukimtazama kwa mbali humchanganyi na mwingine yeyote. Hicho ndicho tunachokiita ujenzi wa mhusika kwa sifa chache zilizokolezwa, mbinu ambayo watunzi wetu wa hadithi fupi wanaifahamu.

Rangi ni ya wastani. Vazi jekundu na kizibao cheusi yanatofautiana vizuri. Lakini rangi za wanasesere hawa hazikuweza kuwa na ulaini wa nyuso zinazochapwa kwa mashine miaka ya karibuni. Kampuni ya Hasbro, iliyoichukua Kenner mwaka 1991, ilianza mwaka 2013 kutoa mfululizo wa Black Series wenye wanasesere wa inchi 6, na nyuso za baadhi yao hukaribia picha. Hata hivyo, kumlaumu Nien Nunb wa 1983 kwa kukosa mbinu za miaka thelathini baadaye ni sawa na kuulaumu utenzi wa kale kwa kukosa aya za riwaya. Kazi ihukumiwe ndani ya zama zake.

Viungo ndivyo vinavyotupa shaka. Kazi ya mhusika huyu katika hadithi ni moja: kuketi na kuongoza chombo. Hana goti, hivyo anapoketishwa miguu hunyooka mbele kama ya mtoto aliyekaa mkekani. Kenner ilikuwa imetengeneza mdoli wa Millennium Falcon tangu mwaka 1979, wenye chumba cha marubani kinachochukua wanasesere wawili. Nien Nunb anaenea humo, na mikono yake iliyonyooka hufika mbele kama mtu anayegusa vitufe. Kwa hiyo umbo linakidhi kazi, ingawa kwa shida.

Kasoro kubwa zaidi ya fani haimo mwilini mwake. Ni upweke. Mtoto aliyempata mwaka 1983 hakuweza kumpata Lando aliyevaa mavazi ya urubani ya filamu hiyo, maana Lando wa namna hiyo hakutolewa hadi mwaka 1985. Aliyekuwepo dukani alikuwa Lando aliyejigeuza mlinzi, au yule wa 1980. Msaidizi wa rubani alikaa miaka miwili bila rubani wake.

Uimara ni mzuri. Kiwiliwili cha plastiki ngumu kimestahimili miongo minne, na mshono wa kalibu ubavuni haujaachia. Nyuma ya mguu bado husomeka alama ya mwenye haki na mwaka 1983. Si kila kitabu cha mwaka ule kilichomo katika maktaba zetu kinachoweza kujivunia jalada lililokaza kiasi hicho.

Maudhui

Tumefika penye kiini. Katika filamu, sauti ya Nien Nunb ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi Marekani. Ben Burtt, mbuni wa sauti wa filamu hizo, alikuwa na desturi ya kuchota mwangwi wa lugha za mbali ili kuunda lugha za viumbe wake: Kikwechua cha Amerika Kusini kilimpa mwangwi wa lugha ya Greedo, na Kikalmyk kikampa ule wa Waewoki. Kwa Nien Nunb mambo yalikwenda mbali zaidi. Haukuchotwa mwangwi tu. Maneno ya Kikuyu yenyewe yamo, na mzungumzaji wa Kikuyu huyatambua.

Mwanafunzi wa isimu atafaidika hapa. Miongoni mwa maneno hayo ni inyuothe na haha. Linganisha na Kiswahili nyote na hapa, kisha na Kiganda mwenna na wano. Ukichukua kitenzi cha Kikuyu ũka, yaani njoo, na kukielekeza kwa watu wengi, kinakuwa ũkai, kama vile njoo inavyokuwa njoni. Sisi tunaofundisha Kiswahili Uganda, ambako wanafunzi wengi hukijia kutoka katika lugha nyingine ya Kibantu, hutafuta kila siku mifano ya namna hii. Hapa tunaupata kwenye kinywa cha kiumbe wa sayari ya Sullust.

Lakini tazama jinsi filamu inavyomtendea. Anaposema, hakuna tafsiri inayoandikwa chini ya picha. Mtazamaji humwelewa kwa kusikiliza Lando anavyomjibu kwa Kiingereza. Lugha ya mamilioni ya watu imegeuzwa kuwa kelele za anga za mbali, na utamu wake kwa mtazamaji wa Marekani ni kwamba haielewi. Kwa mtazamaji wa Nyeri au Kiambu mambo yanapinduka: katika galaksi nzima, kiumbe wa kigeni kuliko wote ndiye anayesema kama jirani.

Tuweke mfano wa pili kando yake. Mfululizo wa televisheni wa Star Trek ulioanza mwaka 1966 ulikuwa na Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Jina lake limetokana na neno letu uhuru. Katika kipindi cha kwanza kurushwa hewani, tarehe 8 Septemba 1966, anasemeshwa Kiswahili, na hadhira inaelewa kwamba hiyo ni lugha ya watu, lugha ya dunia hii iliyofika katika karne zijazo. Kampuni ya Mego ilipotoa mwanasesere wa Uhura mwaka 1974, kiwiliwili chake kilikuwa cha kawaida na gauni lake la kushonwa kwa haraka, lakini jina lake pekee lilibeba Kiswahili hadi madukani. Kwa fani, Nien Nunb wa Kenner anamshinda. Kwa maudhui, Uhura anabaki na kitu ambacho Nien Nunb amenyang'anywa.

Mtetezi wa Kenner atasema: plastiki haisemi. Luke naye hasemi, Leia hasemi, na hakuna aliyeahidiwa mdoli mwenye sauti. Hoja hii ina uzito na tunaikubali kwa nusu yake. Hatumdai mwanasesere asichoweza. Lakini mwanasesere hakuuzwa peke yake. Aliuzwa juu ya kadi yenye jina, picha na mgongo mzima wa karatasi, na mgongo huo ulitumika kutangaza wanasesere wengine. Sentensi moja ingetosha kusema kiumbe huyu anazungumza lugha ya nani. Na wakusanyaji, ambao kwa miongo minne wamehesabu kadi za 65 na za 77, wameorodhesha joho la Jawa na kuyahesabu meno ya Lando, hawana katika alama zao mia moja hata moja iliyotengwa kwa ulimi wa Nien Nunb. Kosa la kwanza ni la filamu, la pili ni la kadi, na la tatu ni la uhakiki.

Haki itendeke: mambo hayakusimama hapo. Filamu ya The Force Awakens ya mwaka 2015 ilipomrudisha Nien Nunb, Rotich alirudi kumsemea. Hiyo ni dalili kwamba sauti yake imetambuliwa kuwa sehemu ya mhusika, kama vile mashavu yake yalivyo.

Tathmini yetu

Kwa kuwa sisi ni walimu na kalamu nyekundu iko mkononi, tutatoa alama. Kwa uchongaji, 8 kati ya 10. Kwa rangi, 6. Kwa viungo, 5. Kwa uimara, 8. Jumla ni 27 kati ya 40, ambayo katika darasa letu ni ufaulu mzuri. Kwa maudhui hatumpi alama kabisa, si kwa kumwadhibu, bali kwa sababu aliyestahili kusahihishwa ni mtunga kadi, naye hakuleta daftari.

Mkusanyaji anayetaka kununua Nien Nunb asikimbilie sanduku lenye alama kubwa. Achague aliyetolewa, mwenye shingo inayokaza na macho yasiyochubuka. Huyo hupatikana kwa bei nafuu, kwa kuwa si adimu, na uchongaji wake ni ule ule.

Kwa wanafunzi wetu, funzo ni la karibu zaidi. Katika insha za muhula uliopita tumesoma tahakiki nyingi zilizoorodhesha tashbihi, takriri na methali za kitabu, zikahesabu kila kipengele cha fani kama pembe za kadi, kisha zikafunga bila kuuliza mhusika mkuu anasema lugha ya nani na nani anamsikiliza. Orodha si tahakiki. Anayetaka kujizoeza na atazame sehemu ya shambulio la mwisho katika Return of the Jedi, aandike kila neno la Nien Nunb analolitambua, na akalilinganishe na lugha ya kwao. Matokeo yaletwe ofisini mwa mhariri kabla ya toleo lijalo. Yatakayokuwa na ushahidi mzuri tutayachapisha, na watakaoyaandika wakiwa wasemaji wa Kikuyu tutawapa nafasi ya kwanza, maana wao ndio wenye mali.